Orijino ni Ipi? Kuanza Kucheza Gemu za Akedi Nyumbani

Mtoto wa jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, aliingia sebuleni, akakuta TV ya chogo imekaa juu ya kreti mbili za soda, na mbele yake ubao wa mninga wenye fimbo na vitufe sita. Akatoa sarafu ya mia mbili mfukoni, akaizungusha vidoleni, akauliza: "Anko, hili dubwi linalipaga?"

Simlaumu. Kigoma yetu ya leo ukitaja mashine inayokula sarafu, mtu anawaza yale madubwi ya vichochoroni yanayomeza mia mbili za watu tangu asubuhi mpaka wanafunga. Mashine ninazozungumzia ni za ukoo mwingine kabisa. Hazilipi kitu. Unatia sarafu, unacheza, ukifa umekufa, na ulichonunua ni zile dakika zako mbili tatu za kuhangaika. Wenyewe wanaziita akedi: makabati ya mbao yenye kimo cha mtu, skrini juu, fimbo na vitufe kifuani, yaliyojaa kwenye kumbi za Japani, Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1970. Pong ya Atari ilitoka 1972, Space Invaders ya Taito 1978, Pac-Man ya Namco 1980, Street Fighter II ya Capcom 1991.

Wengi wetu hatukuwahi kuyaona makabati hayo, ila gemu zake tumezicheza bila kujua. Ile Tekken 3 tuliyokuwa tunagombea pedi kibandani, anayeshindwa anampisha mwenzake, ilianza maisha yake mwaka 1997 kama mashine ya sarafu. PlayStation iliipata mwaka uliofuata. Bodi yake ya kwenye kabati, Namco System 12, ilijengwa juu ya misingi ya PlayStation yenyewe, ila ilikuwa na mbio zaidi. Gemu ilipohamishiwa nyumbani ikabidi ipunguzwe mwili, na mandhari nyuma ya wapiganaji yakageuzwa kuwa picha bapa. Kwa hiyo diski tuliyoapa kwamba ni orijino ilikuwa gemu iliyobanwa ili itoshe.

Na neno hilo, orijino, ndilo linalowapoteza watu wengi wanaotaka kuanza. Sokoni maana yake ni moja tu: si feki. Kwenye gemu za akedi linabeba mizigo mitatu. Kuna programu yenyewe, yaani maagizo yaliyochomwa kwenye chipu wakati ule. Kuna bodi, ile saketi halisi iliyotoka kiwandani na kukaa ndani ya kabati. Halafu kuna kitu cha tatu kisichouzwa dukani kwa jina lake: jinsi picha inavyolifikia jicho na jinsi mkono unavyoifikia gemu, yaani skrini na fimbo. Ukimwambia muuzaji "nataka orijino" bila kusema ipi, atakuchagulia ile inayomfaa yeye.

Ushauri wangu ni kuanzia mwisho. Anza na skrini na fimbo, kisha programu, na bodi iwe ya mwisho kabisa, ikibidi. Watu wengi hufanya kinyume: wanatafuta bodi kwanza kwa bei ya pikipiki chakavu, halafu wanaichomeka kwenye flati na kushangaa kwa nini haina ladha.

Chogo tulilolitupa

Bodi ya akedi haichori picha nzima kwa mkupuo. Inachora mstari mmoja mmoja, juu kwenda chini, kama elfu kumi na tano na mia saba hivi kwa sekunde, na inaitarajia TV iende nayo sambamba. TV ya chogo ya kawaida ya mfumo wa PAL inachora mistari 15,625 kwa sekunde. Ni karibu kasi ileile. Ndiyo maana hivi viwili huelewana bila mkalimani katikati: umeme wa bodi unakuwa mwanga kwenye kioo papo hapo, mstari kwa mstari.

Flati haiwezi hivyo. Picha ya Pac-Man ina nukta 224 kwa 288 tu, na flati ya siku hizi mara nyingi ina mistari 1,080 au zaidi. Ni lazima iipokee picha, iihifadhi, iinyooshe, iisafishe, ndipo ikuonyeshe. Kazi hiyo inakula muda. Gemu nyingi hizi zinatoa picha kama 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 17 hivi, na flati iliyoachwa na mipangilio ya dukani inaweza kuchelewa kwa picha kadhaa. Kwa tamthilia haina neno. Kwa gemu iliyotungwa ili ikuue usipobonyeza kwa wakati, unakufa na unaapa kwamba ulibonyeza. Na kweli ulibonyeza. Kama flati ndiyo uliyo nayo, ingia kwenye mipangilio ya picha utafute hali ya gemu uiwashe. Inapunguza ucheleweshaji kwa kiasi kikubwa na haikugharimu hata senti.

Kuna na uzuri wenyewe. Kwenye chogo, kati ya mstari na mstari kuna uwazi mwembamba wa giza, na kila nukta ina ukungu kidogo pembeni. Wachoraji wa zamani walikuwa wanachora wakijua hivyo. Uso wa mpiganaji ambao kwenye flati unaonekana matofali matupu, kwenye chogo unakuwa na mashavu.

Sasa Ulaya na Marekani watu wanazisaka TV hizi kama almasi, na sisi huku zimejaa stoo chini ya magunia ya mahindi, zimefunikwa kanga. Kabla hujaichukua ya shangazi, igeuze uangalie mgongoni, maana matundu ya nyuma ndiyo yanayoamua kazi yako itakuwa nyepesi au nzito.

Tundu la njano, lile tunalochomekea deki na king'amuzi, linapitisha rangi zote na mwanga kwenye waya mmoja. Vimekorogwa kama uji. TV inajaribu kuvitenganisha tena lakini haviwi kama vilivyokuwa. Inatosha kuanzia. TV zilizoletwa mtumba kutoka Ulaya mara nyingi zina tundu pana la pini 21 liitwalo SCART, na hilo ndilo tamu kuliko yote, kwa sababu nyingi zinapokea nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake, vilevile zinavyotoka kwenye bodi ya akedi.

Halafu kuna mtego. TV nyingi za chogo za miaka ya mwisho zina matundu matatu ya picha yaliyopakwa kijani, bluu na nyekundu. Mtu akiyaona anasema, hapa hapa, rangi tatu kwa matundu matatu. Hapana. Rangi zile ni za kutambulisha plagi tu. Tundu la kijani linataka mwanga wa picha nzima, na mengine mawili yanataka tofauti za rangi, hesabu nyingine kabisa. Ukichomeka nyekundu, kijani na bluu za bodi moja kwa moja utapata picha ya zambarau kama imemwagiwa juisi ya zabibu. Unahitaji kifaa kidogo cha kubadilisha kati ya bodi na TV. Nimewahi kukaa jioni nzima nikiilaumu bodi isiyo na kosa kwa ajili ya matundu haya.

Mengine yanakwenda haraka. Kuhusu tofauti ya picha 50 na 60 kwa sekunde usiwe na wasiwasi sana. TV nyingi zilizouzwa huku zinakubali zote mbili. Zipo gemu zenye mwendo wa ajabu, kama Mortal Kombat ya 1992 inayotoa picha karibu 55, lakini chogo nyingi zinazivumilia. Gemu kama Pac-Man, Galaga na Donkey Kong zilitengenezwa kwa skrini iliyosimama wima. Unaweza kuilaza TV ubavu, ila rangi zitachafuka pembeni mpaka uizime ikae na kuiwasha tena, na usizibe matundu yake ya kupumulia. Usifanye peke yako, chogo la inchi 21 limewavunja watu vidole.

Ila hili sitalipitisha haraka: usifungue mgongo wa TV. Ndani ya chogo la rangi kuna zaidi ya volti 20,000, na kioo kinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Na kama TV ni ya zamani mno, haina tundu lolote la AV, asije fundi akakutobolea moja kwa ujanja wake. Baadhi ya TV hizo mwili wake wa ndani umeungana na umeme wa ukutani, na tundu la chuma utakalolishika linakuwa ni TANESCO.

Fimbo na ubao

Pedi ya PlayStation inacheza, sikatai. Lakini gemu za akedi zilitungwa kwa ajili ya mkono mzima: kiganja kushika fimbo, vidole vya mkono mwingine kugonga vitufe kama mtu anayepiga ngoma ndogo. Hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuitengeneza huku kwetu, maana mbao tunazo na maseremala tunao.

Kitufe cha akedi ndani yake kina swichi yenye miguu miwili. Mguu mmoja unakwenda kwenye waya wa pamoja, mwingine kwenye kadi ndogo ya USB inayouzwa pamoja na seti za fimbo na vitufe. Hakuna siri nyingine. Vitufe vya mtindo wa Kijapani vinahitaji tundu la milimita 30 kwa vikubwa na 24 kwa vidogo. Mpelekee seremala kitufe chenyewe mkononi, usimtajie namba. Mimi nilimtajia namba, fundi wa Katubuka akatoboa kwa keekee aliyokuwa nayo, na ule ubao wa kwanza sasa hivi tunakatia mboga.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fimbo zinatofautiana njia. Pac-Man ilikuwa na fimbo ya njia nne: juu, chini, kushoto, kulia. Street Fighter II inataka nane, pamoja na za kimshazari. Ukicheza Pac-Man kwa fimbo ya njia nane, mkono ukiteleza kidogo kwenye kona, gemu inapokea juu na kulia kwa pamoja, na Pac-Man mwenyewe, yule wa njano, anapitiliza njia akaliwe na zimwi. Watu wanasema gemu ni ngumu, kumbe fimbo siyo. Chini ya fimbo nyingi nzuri kuna kibati cha plastiki kinachozuia mwendo. Kwa baadhi yake unakigeuza au kukibadilisha ili fimbo ya nane iwe ya nne. Angalia hilo kabla ya kununua.

Programu bila bodi

Hapa ndipo mtu mwenye kompyuta ya mtumba anapoweza kuanza leo. Emuleta ni programu inayojifanya bodi ya zamani ili maagizo ya kwenye chipu zile yaendelee kudhani yako nyumbani kwao. Inayojulikana zaidi ni MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997. Lengo lake ni kuhifadhi jinsi mashine hizi zilivyofanya kazi kabla hazijaoza zote, na kucheza ni faida ya pembeni.

Kwa nini kujifanya bodi, badala ya kuandika gemu upya? Chukua Space Invaders. Viumbe 55 wamejipanga mistari mitano ya kumi na mmoja, wanashuka pole pole, na kadiri unavyowaua ndivyo waliobaki wanavyokimbia, mpaka yule wa mwisho anaruka kama panzi. Mwendo huo haukuandikwa kama kanuni ya kuongeza kasi. Programu inamsogeza kiumbe mmoja tu kila picha moja. Wakiwa 55, zamu ya kila mmoja inarudi baada ya karibu sekunde nzima. Akibaki mmoja, kila picha ni zamu yake. Udhaifu wa mashine ndio uliokuja kuwa roho ya gemu. Anayeiandika upya kwa kukisia atatengeneza kitu kinachofanana. Anayeendesha maagizo yaleyale anapata kitu chenyewe. Kwa hiyo ndiyo, kwa mzigo ule wa kwanza, emuleta inakupa orijino.

Kompyuta ya ofisini iliyochoka inazimudu karibu gemu zote za miaka ya 1980 bila jasho. Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki kilichotoka mara ya kwanza 2012, nacho kinatosha, na kinakula umeme kidogo kiasi cha kufaa kwa wenye sola. Gemu za miaka ya mwisho ya 1990 zenye picha za pande tatu ndizo zinazotaka mashine yenye nguvu. Kosa linalowasumbua wanaoanza ni moja: mafaili ya gemu yanakwenda na toleo la emuleta. Seti iliyopangwa kwa ajili ya MAME ya zamani inaweza kukataa kwenye MAME mpya, na mtu anadhani faili ni bovu.

Sasa sheria, kwa sababu vijana wananiuliza. MAME yenyewe ni halali na ni ya bure. Maagizo ya gemu yana wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta hapa Tanzania, na umri wa gemu haufuti haki. Pac-Man bado ina mwenye mali. Njia safi ni kununua matoleo yanayouzwa rasmi. Kampuni ya Hamster ina mfululizo uitwao Arcade Archives unaotoa gemu moja moja kwa PlayStation 4 na nyinginezo, na Capcom ilitoa Capcom Arcade Stadium mwaka 2021. Hayo matoleo ndani yake mara nyingi ni emuleta vilevile, ila imelipiwa. Flashi ya "gemu elfu kumi" utakayoletewa na mtu wa stendi ni jambo lingine, na unalijua.

Kati ya emuleta na bodi kuna mtoto wa katikati aitwaye FPGA. Ni chipu ambayo saketi zake za ndani zinaweza kupangwa upya, kwa hiyo badala ya programu kuigiza bodi hatua kwa hatua, chipu inajipanga iwe kama saketi ya bodi ile. Mradi mkubwa wa namna hii unaitwa MiSTer, ulianza 2017 na unatumia bodi ya kujifunzia iitwayo DE10-Nano. Unaitika upesi, unaweza kutoa picha kwa chogo, na kwa mtu asiyetaka kushika chuma cha kulehemu ni mzuri sana. Lakini bei yake siyo ya kuanzia. Kaa mwaka mmoja na kompyuta ya mtumba kwanza.

Bodi yenyewe

Basi umefika hapa na bado moyo unataka chuma chenyewe. Nakuelewa, mimi mwenyewe sikupona.

Mpaka katikati ya miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na plagi yake. Mwaka 1985 Wajapani wakakubaliana juu ya mpangilio mmoja uitwao JAMMA: ukingo wa bodi wenye vigusio 56, ishirini na nane kila upande, na kila kigusio kina kazi yake inayojulikana. Umeme hapa, rangi nyekundu pale, kitufe cha kwanza kule. Mwenye ukumbi aliweza kuchomoa gemu ya zamani na kuchomeka mpya ndani ya kabati lilelile. Sisi tunafaidika na uvivu wao huo, kwa sababu ukijenga kisanduku kimoja chenye plagi ya JAMMA, umeme, na njia ya kwenda kwenye TV na fimbo, kabati zima hulihitaji tena. Kisanduku hicho mashabiki wanakiita supagani. Bodi za kabla ya hapo, Pac-Man ikiwemo, zinahitaji adapta yake katikati. Na JAMMA ilipanga vitufe vitatu tu kwa kila mchezaji, ndiyo maana Street Fighter II yenye sita ina plagi ya ziada ya mateke pembeni. Ukiisahau, wapiganaji wako wote ni vilema.

Bodi yangu ya kwanza ilikuwa Neo Geo MVS ya tundu moja, ya SNK. Aina hii ilianza 1990, na nilichoipendea ni kwamba gemu zake zinakuja kwenye kaseti kubwa kama kitabu. Unanunua bodi mara moja, kisha kaseti polepole. Ndugu yangu aliyekuwa anarudi kutoka nje aliiacha Dar, ikapandishwa treni, zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili za reli mpaka hapa ziwani. Nikampelekea fundi TV wangu, mzee mmoja mpole mwenye meza iliyojaa masanduku ya redio, mtu wa kupima kabla ya kusema.

Alichofanya kwanza hakikuwa kuwasha. Aliiinamia bodi na taa ya simu, akanionyesha betri ndogo yenye unga wa kijani miguuni. Betri hiyo inatunza saa na mipangilio tu, gemu inacheza hata isipokuwepo, lakini ikivuja inakula njia za shaba zilizo karibu nayo. Akaing'oa, akasugua pale kwa mswaki na spiriti. Hapa nikuonye: si kila betri inang'olewa hivyo. Kwenye bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza 1993, betri ndiyo inayoshikilia funguo za kufungulia programu. Ikifa, au ukiitoa, bodi haichezi gemu tena. Siku hizi kuna njia ya kuzirudisha funguo hizo, ila ni kazi ya mwenye ujuzi. Ujue kwanza bodi yako ni ya ukoo gani kabla ya koleo.

Kisha akapita na kidole gumba juu ya chipu zilizokaa kwenye soketi, akizibonyeza moja baada ya nyingine. Mbili zikalia *tk*. Zilikuwa zimenyanyuka njiani. Bodi iliyosafiri kwa treni au basi, hilo ndilo la kwanza kufanya, na linaponya nyingi zinazosemwa zimekufa.

Umeme ndio uliotupotezea siku. Bodi za JAMMA zinataka volti 5 kwa ajili ya chipu, 12 kwa sauti, na baadhi zinataka 5 hasi. Tulianza na pawa ya kompyuta ya zamani. Picha ikaja, herufi zikatawanyika, ikazima, ikarudi, ikazima. Mzee akaweka ncha za mita yake, si kwenye pawa, bali kwenye bodi yenyewe: 4.6. Kwenye pawa ilikuwa 4.9, nyingine zimepotelea kwenye waya mwembamba niliotumia. Chipu hizi zinataka isishuke chini ya 4.75 wala isipande juu ya 5.25. Tukanunua pawa ya kabati, ile yenye skrubu ndogo ya kurekebisha, tukaweka nyaya nene, akazungusha skrubu kwa bisibisi ya saa mpaka mita ikasoma 5.0 ukingoni mwa bodi. Ikatulia. Kwa mji uliokaa miaka mingi kwenye majenereta ya dizeli na kuzoea taa kunywea, mimi naweka na stebilaiza kabla ya yote. Umeme ukikatika, chomoa. Ule unaorudi ndio unaoua.

Fimbo haikuwepo bado. Mzee akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye hasi, nyingine kwenye kigusio namba 16. Skrini ikaandika krediti moja, yaani nafasi moja ya kucheza. Akarudia, zikawa mbili. Akacheka peke yake. Ndivyo bodi hizi zinavyojua umebonyeza: swichi yoyote ni waya unaogusa hasi, hata ule wa sarafu.

Usichomeke plagi kinyume. Kigusio cha 7 kiliachwa kiwe ufunguo, kuna pengo pale na plagi inapaswa kuwa na kizuizi. Plagi nyingi za rahisi zinakuja bila kizuizi, kiweke mwenyewe. Rangi zinazotoka kwenye bodi zina nguvu kuliko 0.7 ya volti inayotarajiwa na TV, kwa hiyo kunahitajika rezista katikati. Sauti inayotoka kwenye vigusio vya spika imeshakuzwa tayari kwa ajili ya spika. Usiipeleke kwenye tundu la sauti la TV bila kuipunguza.

Na feki zipo tangu enzi hizo. Bodi za Street Fighter II zilinakiliwa sana, nyingine zina jina la kampuni limefutwa, chipu zimekwanguliwa mgongo. Baadhi zinacheza vizuri tu, nyingine sauti ni ya kukoroma. Za sasa zinazodanganya zaidi ni bodi mpya ndogo zenye plagi ya JAMMA na "gemu mia kadhaa" ndani. Hizo ni emuleta iliyovaa koti. Si dhambi kuwa nayo, ila usilipe bei ya bodi ya 1991.

Kwa wa Kigoma na hewa yetu ya ziwa, bodi isiyotumika iwekwe wapi? Mfuko wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kontena la plastiki lenye kufunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Ndugu wa Tabora adui yenu ni vumbi kuliko unyevu. Brashi laini mara moja kwa mwezi.

Limebaki suala la sarafu. Bodi nyingi zina safu ya swichi ndogo au menyu ya kupangia ugumu, idadi ya roho, na kucheza bure bila kikomo. Nilipoanza niliweka bure. Watoto wa mtaa wakamaliza Metal Slug kwa alasiri moja, kila wakifa wanabonyeza tena, na kesho yake hawakuirudia. Nikairudisha iwe ya sarafu, nikaweka kitufe cha sarafu chini ya meza, upande wangu. Yule aliyekuja na mia mbili yake nilimwambia airudishe mfukoni. Kila anayeingia anapewa krediti tatu. Zikiisha, anasimama, anampisha anayefuata.